Usipime maumivu ya mtoto kwa kilio

Wiki hii sitakuandikia kuhusu dawa mpya wala ugonjwa mpya. Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa Oktoba 2008, nami nilikuwa daktari mchanga katika hospitali moja ya wilaya ya Bungoma. Ilikuwa Jumatatu, foleni ilikuwa imefika hadi nje chini ya miti, na malaria ilikuwa imepamba moto. Aliingia mzee mmoja na mwanawe wa miaka 12. Kijana huyo alikuwa ametahiriwa Agosti ya mwaka huo huo na kidonda kilikuwa kimepona vizuri. "Anasema ni tumbo," baba alisema. Nilimuuliza kijana mwenyewe linauma wapi, akaonyesha chini ya kitovu bila kuniangalia usoni. Linauma sana? Akatikisa kichwa kukana. Hakulia wala hakukunja uso. Baba aliongeza kwamba alikuwa ametapika mara moja alfajiri. Nililibonyeza tumbo, nikaliona laini, nikaagiza apimwe damu, nikampa dawa ya malaria na ya minyoo, nikamwita mgonjwa aliyefuata.

Sikumwambia avue kaptura.

Walirudi kesho yake jioni. Safari hii kijana alikuwa akitembea miguu ikiwa imetanuka, na baba alikuwa amemshika mkono kama mtoto wa chekechea. Korodani ya kushoto ilikuwa imevimba na kubadilika rangi. Ilikuwa imejisokota kwenye kamba inayoishikilia, mishipa ya damu iliyomo ndani ya kamba hiyo ikajinyonga, na baada ya zaidi ya saa 36 korodani ilikuwa imekufa. Daktari wa upasuaji aliiondoa, akaishona ile nyingine mahali pake ili nayo isije ikajisokota siku moja. Nilipomuuliza kijana mbona hakuniambia siku ya kwanza, alinijibu kwa sauti ya chini: "Nimeshatahiriwa, daktari. Ningeanzaje kulia?"

Kabla sijaendelea, wewe mwenye mvulana nyumbani tafadhali lishike jambo hili. Mvulana akishikwa ghafla na maumivu ya korodani, au ya tumbo la chini pamoja na kichefuchefu, mtazame. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Korodani iliyojisokota ikifunguliwa ndani ya saa 6 hivi, mara nyingi hupona. Ikipita siku nzima, ni nadra sana. Huwapata zaidi vijana kati ya miaka 12 na 18, na yaweza kuanza kijana akiwa amelala tu. Hao ndio vijana wenye haya kuliko watu wote duniani, nao watakwambia ni tumbo.

Sasa turudi kwenye kile kimya.

Mimi ni Mbukusu, na sitaki mtu adhani naidharau mila yetu. Nilisimama mwenyewe Agosti 1992, alfajiri, nimepakwa tope la mtoni mwili mzima, mlio wa chinyimba nilizozigonga usiku kucha bado ukivuma masikioni. Nilikuwa na miaka 12. Niliambiwa nitazame mbele na nisipepese, sikupepesa. Ukoo mzima ulikuwa hapo. Najua fahari ya mtoto aliyesimama imara, na hadi leo sioni sababu ya kuionea haya.

Lakini asubuhi hiyo hiyo alisimama pia binamu yangu, na goti lake likatetemeka. Ni goti tu. Watu walicheka, wengine wakaguna, na mjomba mmoja akatamka neno ambalo sitaliandika hapa. Jeraha la kisu lilipona kwa wiki chache kama la kila mtu. Lile neno lilimfuata shuleni, likamfuata sokoni Chwele, likamfuata mpaka alipokwenda Kitale kufanya kazi kwenye mashamba ya mahindi. Ni mtu mzima sasa, ana watoto wake. Kila mwaka wa kutahiri, Agosti ikifika, hana nafasi ya kuja nyumbani.

Ninapoulizwa kama mtoto huumia zaidi mwilini au moyoni, humkumbuka huyo.

Kufundisha uvumilivu kuna mahali pake na saa yake. Tatizo ni pale somo la asubuhi ile moja linapobebwa hadi kwenye chumba cha daktari, hadi darasani, hadi kitandani usiku. Nyumba ile ile iliyomfundisha mtoto asilie ndiyo humwambia daktari, "Hana shida kubwa huyu, mbona halii?" Na daktari mwenye wagonjwa themanini mlangoni hukubali upesi, kwa kuwa mtoto aliyenyamaza ni kazi rahisi. Wanaopiga kelele ndio hupata dawa kwanza. Nimefanya kazi Bungoma na sasa niko Kitale, na mambo ni yale yale pande zote mbili za barabara hiyo.

Wala msidhani ni sisi tu. Hadi miaka ya 1980, madaktari wengi katika nchi zilizoendelea waliamini kwamba mtoto mchanga hahisi maumivu kama mtu mzima, na watoto wachanga walifanyiwa upasuaji kwa dawa kidogo mno ya kuua maumivu, au bila dawa hiyo kabisa. Ilikuwa mwaka 1987 ambapo daktari Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford, Uingereza, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto waliopewa dawa madhubuti ya maumivu wakati wa upasuaji walipata misukosuko michache ya mwili kuliko wale ambao hawakupewa. Wasomi wa vyuo vikuu walikuwa na vitoto mbele yao vikilia, nao wakasema hicho kilio si kitu.

Maumivu hufanyaje kazi? Mtoto akijikwaa kidole kwenye jiwe, habari husafiri kwa mishipa ya fahamu ya aina mbili. Ile ya mbio huleta ule mchomo wa kwanza mkali. Ile ya polepole hufuata na uchungu mzito unaokaa. Habari hizo hupanda kwenye uti wa mgongo, na humo hukutana na kitu kama lango. Wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza jambo hili mwaka 1965: lango hilo laweza kufunguliwa zaidi au kubanwa. Kusugua mahali palipoumia hulibana kidogo, na ndiyo maana kila mama tangu zama za kale humsugua mtoto aliyejigonga na kumwambia pole, bila kusoma kitabu chochote. Hofu, upweke na kukosa usingizi hulifungua. Kwa hiyo kidonda kile kile humuuma zaidi mtoto aliyeachwa peke yake wodini kuliko yule aliyeshikwa mkono. Huko si kudeka. Ni mwili ulivyoumbwa.

Umri nao una mambo yake. Mtoto wa miaka 6 au 7 aghalabu hudhani ameumia kwa sababu amekosa. Alipanda mpera alioambiwa asiupande, akaanguka, akavunjika mkono, na atauficha mkono huo chini ya sweta hadi jioni kwa kuwa maumivu ndiyo hukumu yake. Yule wa miaka 10 au 11 ameshaelewa kwamba watu hufa. Pia ameshaelewa bei. Nimewahi kumsikia msichana wa darasa la tano akimnong'oneza mamake kwenye korido, "Tuende tu, imeacha kuuma," pale karani alipotaja pesa za picha ya eksirei. Haikuwa imeacha.

Mnisamehe nikisema hivi, lakini sisi watu wa mjini tuna msemo wa kujisifu kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Uchungu wa kumzaa, sawa. Uchungu alio nao mtoto mwenyewe hatuujui mpaka tumuulize, na tumuulize kwa namna anayoielewa. Ukimuuliza "Unaumwa sana?" mbele ya baba, mwalimu na nesi, atajibu wanavyotaka wao.

Mimi hutumia mahindi. Niko Kitale, mahindi hayakosekani. Humwekea mtoto punje 4 mezani na kumwambia: hii moja ni uchungu kidogo, mbili ni zaidi, tatu ni mwingi, zote nne ni uchungu mkubwa kuliko wote unaoweza kuwa nao. Leo una punje ngapi? Mbinu hii sikuibuni. Ilianzia Marekani, na wenzetu huko walitumia vile vibao vidogo vya kuchezea kamari. Kuna pia karatasi yenye nyuso 6, kuanzia ule wenye furaha hadi ule unaolia, mtoto akanyooshea kidole uso ulio kama hali yake. Watoto wa kuanzia miaka 4 hivi huiweza. Ila mahindi huwaondolea wavulana wetu aibu ya kunyooshea kidole uso unaotoa machozi. Wengi husukuma punje tatu kuelekea kwangu huku wakisema kwa mdomo, "Si sana."

Na mtoto akisukuma punje nne kila Jumatatu, na kila kipimo kikarudi kikiwa safi?

Aliletwa kwangu msichana wa miaka 9 hapa Kitale. (Nimebadili mambo kadhaa ili asitambulike.) Alikuwa akiishi na nyanya yake. Tumbo lilimshika kila Jumatatu asubuhi, katikati kabisa, kwenye kitovu, akijikunja na kutokwa jasho. Alikuwa ameshapimwa choo, mkojo na damu, amepewa dawa za minyoo mara tatu, za vidonda vya tumbo mara mbili, na nyanya alikuwa amekwisha kuamua. "Daktari, huyu anaikimbia shule. Ikifika saa nne ni mzima, anaomba chakula."

Tumbo la namna hii si geni. Daktari John Apley wa Bristol, Uingereza, aliwachunguza watoto 1,000 wa shule na kuchapisha matokeo yake mwaka 1958: takriban mmoja katika kila kumi alikuwa na maumivu ya tumbo yaliyorudi tena na tena, na walio wengi sana hawakupatikana na ugonjwa wowote wa kiungo. Lakini sikiliza vizuri. Hakusema watoto hao waongo. Utumbo una mtandao wake mkubwa wa mishipa ya fahamu, na huzungumza na ubongo mchana na usiku. Mtu mzima aliyeitwa mahakamani huharisha, na hakuna anayesema anaigiza. Mtoto mwenye jambo moyoni huumwa tumbo, na linauma kwelikweli.

Nilimwomba nyanya atupishe kidogo. Nesi alikuwepo. Sikuuliza habari za shule. Niliuliza Jumapili huwa wanafanya nini. Kanisani, akasema, kisha kuchota maji, kisha usiku mama hupiga simu. Mama yuko wapi? Saudia. Amekwenda kufanya kazi za nyumbani, mwaka wa pili sasa. Na simu ikikatika? Alitazama zile punje zilizokuwa bado mezani, akazikusanya zote nne mkononi na kuzifumba.

Kumbe kila Jumapili usiku mtoto huyu alikuwa akifiwa upya, na Jumatatu alfajiri alitakiwa avae yunifomu.

Sitaki kukudanganya kwamba tulimponya. Tulihamisha simu ikawa Jumamosi asubuhi, ili awe na siku nzima ya kucheza baada yake. Mama aliombwa amweleze waziwazi mkataba wake unaisha mwezi gani, na nyanya akachora miezi kwenye kalenda ya ukutani. Mwalimu wa darasa aliambiwa asimrudishe nyumbani tumbo likianza bali amkalishe karibu naye, ampe maji, amwache atulie. Shule hakuacha, na hilo ni muhimu, kwa kuwa mtoto wa aina hii akianza kukaa nyumbani tumbo huzidi. Maumivu yalipungua. Hayakwisha. Nadhani yataisha siku mama atakaposhuka Eldoret uwanja wa ndege.

Tahadhari: si kila tumbo ni la moyo, na kijana wangu wa 2008 ni shahidi. Tumbo linalomwamsha mtoto usingizini, linalouma mbali na kitovu, linaloandamana na homa, kukonda, kutapika kusikokoma au damu kwenye choo, hilo lina lake ndani na lisingoje kalenda.

Sasa neno kuhusu fimbo, na najua nitaudhi baadhi yenu. Kila ninapolitaja jambo hili mtu huniambia, "Daktari, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe." Sisi wa kizazi changu tulichapwa, tena sana, na tunapenda kusema hatukufa. Fimbo iliondolewa shuleni Kenya kwa tangazo la serikali la mwaka 2001. Katiba ya 2010 inamkinga kila mtu, na mtoto akiwemo, na adhabu ya viboko, na sheria ya elimu ya msingi ya 2013 ikaifanya kuwa kosa la jinai. Pamoja na hayo bado naona alama za mijeledi kwenye mapaja ninapowapima watoto kwa sababu nyingine kabisa.

Alama hizo hupona kwa siku saba. Ninachotaka ukifikirie ni darasa zima lililokuwa likitazama. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani akina Naomi Eisenberger walichunguza ubongo wa watu waliokuwa wakitengwa katika mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta. Sehemu ya ubongo iliyochangamka ni miongoni mwa zile zinazochangamka mtu anapoumizwa mwilini. Watu wazima hao, tena mchezo wenyewe ulikuwa wa kompyuta tu! Sasa mchukue mtoto wa miaka 10 aliyelazwa juu ya dawati mbele ya wenzake hamsini. Binamu yangu hakuhitaji mashine ya kupiga picha ubongo kulijua hilo.

Wapo watoto ambao kutoaminiwa huwagharimu zaidi ya hapo. Nasema juu ya wenye selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu huuita siko seli, na ambao ni wa kwetu hasa huku magharibi kwa sababu ya malaria. Anayerithi chembe ya ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anayerithi kutoka kwa wote wawili huugua. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja katika nne. Chembe za damu hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo, na mfupa ukikosa damu huuma kuliko kuvunjika. Kwa nje huoni kitu. Hakuna uvimbe mara nyingi, hakuna kidonda. Baridi, kiu, uchovu na homa ndivyo vichocheo. Bungoma iko chini kidogo na ina joto. Kitale iko juu, kama mita 1,900, na alfajiri ya Julai huko si mchezo. Mzazi wa Bungoma humleta mtoto katika shule ya bweni Kitale kwa kuwa inafaulisha, mtoto anaoga maji baridi saa kumi na moja asubuhi, anakimbia raundi tatu za uwanja, na kufikia mchana amelala chini akishika miguu. Matroni anasema anajifanya, kwa sababu wiki iliyopita alijifanya vivyo hivyo.

Ikiwa mtoto wako ana ugonjwa huo, nenda shuleni mwenyewe, zungumza na mwalimu mkuu na matroni, omba maji moto, sweta na chupa ya maji darasani. Muulize daktari kuhusu hidroksiyurea. Utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Kilifi kwetu na Mbale, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Uganda, kwa watoto zaidi ya 600, ulichapishwa mwaka 2019 na ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza vipindi vya maumivu, na vifo pia. Na maumivu yakiwa makali mno, usiogope neno mofini likitajwa hospitalini. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa maumivu makali ya watoto. Ikitolewa kwa kipimo na chini ya uangalizi, hatari ya mtoto kuwa mraibu ni ndogo. Kodeini ndiyo ya kuepukwa kwa watoto, na aspirini pia usiwape kiholela walio chini ya miaka 16. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli yatosha, ila ipimwe kwa uzito wa mtoto na isizidi mara nne kwa siku. Nusu kidonge kwa mtoto wa kilo 40 ni kumdanganya.

Mwaka 2023 nilikuwa stendi ya Kitale nikingoja gari la Bungoma. Kijana mmoja mrefu wa boda boda alisimamisha pikipiki mbele yangu, akanisalimu kwa jina. Sikumtambua mpaka aliponitajia mwaka. Alikuwa na miaka 27. Tulizungumza habari za baba yake, za bei ya mbolea, za mvua. Gari langu lilikuwa limeshaanza kujaa aliponisogelea na kuniuliza, kwa sauti ile ile ya chini, kama mtu mwenye moja anaweza kupata watoto.

Nilimwambia anaweza. Moja ikiwa nzima yatosha. Alikuwa amelibeba swali hilo miaka 15, na harusi alikuwa ameiahirisha mara mbili.